Maswali ya Wasomaji: Kwa nini mteremko uliosimama miaka mingi huporomoka leo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu wa kike ni mhandisi wa ujenzi, na amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu nchini Uingereza. Utafiti wake unahusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa miteremko ya udongo iliyojengwa na binadamu, yaani matuta ya reli na kingo za barabara zilizochongwa mlimani. Baba yetu, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi ya kuzibua mitaro katika barabara ya Mombo hadi Lushoto, anasema kwamba mvua ikizidi udongo huporomoka, na kwamba jambo hilo halihitaji miaka minne ya masomo. Je, kuna nini cha kuchunguza? Na elimu ya matuta ya Uingereza itamfaa nini mtu wa Usambara? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Kwanza umfikishie mzee shikamoo yangu, kwa sababu alilosema ni kweli, ingawa si ukweli wote. Mvua kubwa huangusha mteremko, lakini mara nyingi huwa inamalizia kazi iliyoanza miaka mingi kabla. Mwaka 1964 mhandisi Alec Skempton alieleza, katika mhadhara ambao wataalamu wa udongo wanaurejea hadi leo, kwamba baadhi ya kingo zilizochongwa katika udongo wa mfinyanzi wa London zilisimama kwa makumi ya miaka ndipo zikaanguka. Udongo huo ulikuwa ukifanya nini muda wote huo?

Sehemu ya jibu ni kwamba kingo ikishachongwa, udongo uliobaki hupunguziwa mzigo, ukaanza kunyonya maji na kulegea taratibu. Sehemu nyingine, ambayo ndiyo inayohusu tabianchi, ni kwamba mfinyanzi husinyaa ukikauka na kuvimba ukilowa, na kila mzunguko wa namna hiyo hauurudishi udongo pale ulipokuwa, bali huusogeza kidogo kuelekea bondeni na kuupunguzia nguvu. Makadirio ya hali ya hewa yaliyotolewa Uingereza mwaka 2018 yanaonyesha majira ya joto yenye ukame zaidi na majira ya baridi yenye mvua zaidi. Hivyo mdogo wako hatapima mvua peke yake. Atapima kupishana kwa jua na mvua.

Mzee anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Achukue madonge mawili ya mfinyanzi kutoka shimo moja, moja aliache na unyevu wake, la pili alianike juani hadi likauke kabisa, kisha ayatumbukize yote mawili katika ndoo ya maji. Lile bichi litakaa kimya. Lile kavu, ambalo mkononi lilikuwa gumu kama jiwe, litatoa mapovu, litapasuka na kumeguka hadi liwe tope. Wafinyanzi wetu wanalijua hilo tangu zamani, na ndiyo maana hukausha udongo kabla ya kuuloweka.

Kulipima hilo katika tuta zima ni kazi kubwa. Chuo Kikuu cha Newcastle kilijenga tuta la majaribio mwaka 2005, lenye urefu wa mita 90 na kimo cha mita 6, ambalo sehemu yake ilishindiliwa vizuri kama tuta la barabara ya kisasa, na sehemu nyingine ikashindiliwa hafifu kwa makusudi, ili ifanane na matuta ya reli ya karne ya 19. Vihisi vilivyofukiwa humo hupima unyevu na shinikizo la maji. Thamani ya kipimo cha namna hiyo ni kudumu kwake mwaka hadi mwaka, kwa kuwa kiangazi kimoja hakitoshi kuonyesha uchakavu.

Kuhusu Usambara, nitasema wazi: tarakimu za mfinyanzi wa Uingereza asizilete nyumbani. Udongo mwekundu wa milimani mwetu umetokana na miamba iliyooza papo hapo, na mara nyingi husimama wima kwa sababu ukavu wake unaushikilia. Maji yakipenya, mshiko huo hupotea. Kinachosafiri ni namna ya kupima, pamoja na heshima kwa mtaro. Tarehe 12 Agosti 2020 huko Carmont, Scotland, mvua kubwa ilisomba kokoto kutoka kwenye mfereji wa kutolea maji na kuzimwaga juu ya reli, treni ikaacha njia na watu watatu wakafariki. Mzee aliyezibua mitaro maisha yake yote atalielewa hilo kuliko wengi wetu.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, mdogo wako aketi naye na daftari, amuulize kuhusu kila mporomoko anaoukumbuka: ulikuwa kona ipi, ulitokea siku ngapi baada ya mvua kuanza, ukame uliotangulia ulikuwa mrefu kiasi gani, na mtaro wa juu yake ulikuwa wazi au umeziba.