Waliwanyimaje kura bila kutaja rangi?

SWALI: Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani (1870) yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Majimbo ya Kusini yaliwezaje kuwafuta Weusi kwenye daftari la wapiga kura, tena kisheria?

JIBU: Marekebisho hayo hayakumpa mtu yeyote kura. Yalikataza sababu tatu tu za kumnyima: asili, rangi na kuwahi kuwa mtumwa. Sababu nyingine zilibaki wazi, na Mississippi ikazipanga katika katiba yake ya 1890.

Kwanza makazi: miaka miwili jimboni, mmoja katika eneo la kupigia kura. Mkulima wa kugawana mavuno aliyehamia shamba jingine alianza kuhesabu upya. Kisha kodi ya kichwa, dola 2 kwa mwaka. Ilitakiwa iwe imelipwa ifikapo Februari 1 ya mwaka wa uchaguzi, kwa miaka miwili iliyopita, na ushahidi uonyeshwe kituoni Novemba. Ukipoteza risiti, basi. Ajabu ni kwamba katiba hiyohiyo ilikataza kumshtaki asiyelipa! Kodi ya namna gani hiyo, isiyotaka kukusanywa?

Ila kazi kubwa ilifanywa na kifungu cha 244. Mwombaji asome kifungu chochote cha katiba ya jimbo, au akielewe akisomewa, au akifafanue ipasavyo. Hizo "au" ndizo mlango wa Mzungu asiyejua kusoma. Karani wa uandikishaji ndiye aliyechagua kifungu, na ndiye aliyesahihisha. Mzungu angeweza kupewa cha 30, kinachosema tu kwamba hakuna kifungo kwa ajili ya deni. Mwalimu Mweusi akatupiwa aya ndefu ya kodi za kampuni, kisha akaambiwa maelezo yake hayatoshi.

Kesi ya Williams dhidi ya Mississippi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1898, majaji walisema maandishi ya sheria hayabagui, na mlalamikaji hakuthibitisha kwamba utekelezaji wake unabagua. Atathibitishaje, wakati uamuzi uko kichwani mwa karani?

Mwaka huohuo Louisiana iliwasamehe mtihani wake wa kusoma na kuandika wale ambao baba au babu zao walikuwa wapiga kura kabla ya 1867, yaani kabla Weusi wa huko hawajaruhusiwa. Weusi walioandikishwa walishuka kutoka zaidi ya 130,000 mwaka 1896 hadi kama 5,300 mwaka 1900. Msamaha wa babu ulibatilishwa mwaka 1915, lakini mtihani ukabaki. Ni Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliyousimamisha katika majimbo hayo, na kuruhusu serikali kuu ipeleke maofisa wake waandikishe watu bila kumpitia karani.