Kuwasha Patisheni ya Seva kwa Diski Iliyonakiliwa: Mambo ya Kuandaa Kabla ya Maafa

Ofisi nyingi za Dar es Salaam nilizofanya nazo kazi zina diski zinazonakiliwa usiku na mchana kwenda kituo cha pili, na wasimamizi wake wakiulizwa kuhusu maafa hujibu kwa utulivu kwamba data ipo kule. Ni kweli ipo. Mimi hupenda kuuliza jambo jingine: je, patisheni ya kule, yaani mashine pepe iliyotengwa ndani ya seva, imewahi kuwaka kwa diski ile, na ilipowaka ilidhani iko wapi? Diski yenye mfumo endeshi hubeba pia kumbukumbu za mashine ya kwanza, yaani adapta zake, anwani zake za mtandao, majina ya diski zake na ratiba ya kazi zake za usiku. Ikiwashwa kwenye mashine nyingine, huendelea pale ilipoishia kana kwamba haijahamishwa.

Ninazungumzia seva za IBM Power zenye AIX, mfumo endeshi wa IBM, kwa kuwa ndizo nilizozihudumia kwa muda mrefu. AIX huhifadhi taarifa za vifaa vyake katika hifadhidata ndogo iitwayo ODM, nayo hukaa ndani ya rootvg, kundi la diski linalobeba mfumo wenyewe. Kwa kawaida, patisheni ikiwashwa kwenye mashine ya pili, vifaa vya zamani hubaki katika orodha kama mizimu, na vifaa vipya hupewa namba zinazofuata, hivyo hdisk0 mliyoizoea yaweza kuwa hdisk14, na kadi ya mtandao ikapata jina ambalo hakuna hati yenu inayolitaja. Dawa yake ni sifa ya ghostdev, ambayo huwekwa kwa amri ya chdev -l sys0 -a ghostdev=1. Mfumo ukiwaka na kugundua kwamba uko kwenye mashine tofauti, hufuta orodha ile na kuvitambua vifaa upya. Iwekwe mapema kwenye patisheni ya uzalishaji, yaani ile inayofanya kazi halisi ya kila siku, ili inakiliwe pamoja na diski. Ila ina gharama yake: anwani za IP hupotea na makundi ya diski za data husahaulika, kwa hiyo ni lazima muwe na skripti ya kuyarudisha kwa amri ya importvg na kuipa kadi ya mtandao anwani yake. Mimi naona gharama hiyo ni faida, kwa sababu patisheni isiyo na anwani haiwezi kugombana na ile ya kwanza iwapo bado iko hai.

Kabla ya kufika huko, kuna menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, na hapa ndipo nimeona watu wenye uzoefu wakikwama. Menyu hiyo haiandiki kwamba hii ndiyo rootvg ya seva ya malipo. Huonyesha mistari mirefu ya msimbo wa mahali, inayoanza na herufi U na kuendelea na V, C, T na L, kila mmoja ukifanana na mwenzake isipokuwa tarakimu mbili tatu. C ni namba ya nafasi ya adapta pepe, na L huitambulisha diski. Andikeni mapema mistari hiyo kwa kila patisheni, pamoja na PVID, yaani namba ya utambulisho, ya kila diski, na karatasi hiyo ihifadhiwe nje ya seva zinazotarajiwa kuanguka. Mashine ikisimama kwenye msimbo 0554, mara nyingi mfumo umeshindwa kuisoma rootvg ipasavyo, hivyo anzeni kwa kuhakikisha kwamba diski zote za rootvg zimefika kwenye patisheni na kwamba unakili ulikamilika.

Umbali nao una neno. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Dodoma iko karibu kilomita 450 kwa barabara. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 5 kabla ya kuhesabu vifaa vya njiani, na kuisubirisha hifadhidata muda huo kwa kila uandishi ni kuwaadhibu wateja. Kwa umbali huo chagueni unakili usiosubiri jibu, na uongozi ukubali kwa maandishi kwamba miamala ya mwisho yaweza kupotea. Diski za data na za logi za hifadhidata ziwe katika kundi moja la uthabiti, yaani zinakiliwe kwa pamoja zikiwa za wakati mmoja, ili nakala ifanane na mashine iliyokatikiwa umeme, hali ambayo hifadhidata nzuri hujua kujinasua. Kituo cha pili kikiwa ndani ya jiji hilihili, ucheleweshaji hupungua, lakini mvua ni ileile. Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, fundi aliye upande wa Kariakoo hafiki Magomeni kwa wakati, kwa hiyo konsoli ya kituo cha pili ni lazima ifikiwe kwa mbali.

Jaribio halihitaji kusimamisha unakili. Chukueni nakala ya papo hapo ya diski iliyoko kule, muipe patisheni ya majaribio, na muiwashe ndani ya VLAN, yaani mtandao pepe uliotengwa, isiyo na njia ya kutokea. Msilegeze sharti hili hata kwa dakika. Katika jaribio moja, baada ya kurudisha diski za data, tulifungua logi na kukuta mistari mingi ya kushindwa kuunganisha: cron, programu inayoendesha kazi za ratiba, ilikuwa imeamka na kuanza kutuma faili la malipo la jioni pamoja na ujumbe kwa wateja, kwa bidii ileile ya siku zote. Laiti mtandao ungekuwa wazi, watu wangelipwa mara mbili. Kagueni pia leseni, kwani baadhi ya programu hufungwa kwa namba ya mashine na hugoma mashine ikibadilika.

Bakapu za kawaida ziendelee, kwa sababu faili likifutwa kwenye kituo cha kwanza litafutika na kule kwa utiifu kamili.

Mkihamia kituo cha pili kwa kweli, jambo la haraka ni ile mashine ya zamani. Umeme ukirudi, huenda ikajiwasha na patisheni zake zikaanza kazi pembeni ya nakala zake, kwa jina lilelile na anwani ileile. Ondoeni mapema chaguo la patisheni kujiwasha pamoja na mashine, na maelekezo ya kituo cha pili yamtaje kwa cheo mtu mmoja mwenye idhini ya kuiwasha tena, baada ya unakili kugeuzwa na diski za Dar es Salaam kupokea yaliyoandikwa kule.