Kiingereza Nacho Kiliwahi Kuonewa Haya

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu ulioanzia Italia, uliifanyia nini fasihi ya Kiingereza? Najua wengi watajibu kwa neno moja, Shakespeare. Mimi naanzia kwa wafasiri. Mwamko ule uliwapa Waingereza ujasiri wa kuiamini lugha yao, na ujasiri huo ulipita mikononi mwa wafasiri kabla haujawafikia washairi.

Siku hizi ni vigumu kuamini kwamba Kiingereza kiliwahi kuonewa haya na wenyewe. William Caxton, aliyesimika mtambo wa kwanza wa kupiga chapa Uingereza, pale Westminster mwaka 1476, alisimulia kisa ambacho nakipenda sana. Wafanyabiashara fulani walikuwa wakitoka mto Thames kwenda Zeeland, upepo ukawakatalia, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja akaomba mayai, akatumia neno la kwao, egges. Mama mwenye nyumba akajibu kwamba yeye Kifaransa hakijui. Yule bwana akakasirika, maana na yeye Kifaransa hakijui! Mwenzake akaomba eyren, na hapo mama akaelewa. Caxton aliandika haya mwaka 1490 akijiuliza: mpiga chapa achape neno lipi, ikiwa watu wa nchi moja hawaelewani hata kwa yai?

Wasomi wao walikuwa na jibu tayari: andika Kilatini. Thomas More aliandika Utopia kwa Kilatini mwaka 1516, na raia wenzake wasiojua lugha hiyo wakasubiri hadi 1551 kuisoma. Roger Ascham, alipoandika kitabu kuhusu kupiga mishale mwaka 1545, aliona hana budi kueleza kwa nini ametumia Kiingereza, akikiri kwamba Kilatini au Kigiriki kingemwia rahisi zaidi. Na mwaka 1578 John Florio, katika kitabu chake cha kufundishia Kiitaliano, alimfanya mhusika mmoja aseme kwamba Kiingereza kitakufaa ukiwa Uingereza, lakini ukishavuka Dover, bandari ya pwani ya Uingereza, hakina thamani. Ukavuka Dover! Hata bahari hawakuwa wameimaliza.

Kilichokuja kubadili mambo kilianzia darasani. Mafundisho mapya ya Kigiriki na Kilatini yalifika Uingereza kupitia watu kama Erasmus, msomi wa Kiholanzi, aliyekwenda huko mara ya kwanza mwaka 1499, na yakaingia katika shule za wavulana. Ascham huyo huyo alieleza njia yake ya kufundisha katika kitabu kilichotoka mwaka 1570, yeye akiwa ameshafariki. Mwanafunzi anafasiri kifungu cha Kilatini kwa Kiingereza. Anafunga kitabu. Baada ya muda anairudisha tafsiri yake kwenye Kilatini, kisha analinganisha na maneno ya mwandishi mwenyewe. Nimefundisha fasihi miaka mingi na sijaona zoezi kali kama hilo. Lengo lilikuwa Kilatini, lakini kijana anayelifanya kila wiki analazimika kupima kila neno la lugha yake ya nyumbani pia: hili linabeba uzito ule, au linapwaya?

Na mengi yalipwaya. Ndipo ukazuka ugomvi ambao msomaji wa Kiswahili ataujua mara moja, maana sisi tunao wetu wa tarakilishi na kompyuta. Upande mmoja walichota maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa ndoo. Upande wa pili wakawacheka, wakayaita maneno ya kidau cha wino. John Cheke, profesa wa Kigiriki huko Cambridge, alitaka Kiingereza kibaki safi. Alipofasiri Injili ya Mathayo, yule askari ambaye Biblia yetu humwita akida alimwita hundreder, yaani mtu wa mia. Neno hilo halikuota mizizi. Yaliyoota ni mengi ya yale ya wapinzani wake, na binafsi naona Kiingereza kilipata faida, kwa sababu mwandishi alibaki na maneno mawili, lile la jikoni na lile la maktaba, akachagua kulingana na nani anasema.

Soneti, shairi la mishororo kumi na minne, nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Mshairi Thomas Wyatt alizifasiri za Petrarca, mshairi wa Italia, kutoka Kiitaliano, na hapo akakutana na jambo ambalo malenga wetu wataliona haraka kuliko profesa wa Oxford. Kiitaliano, kama Kiswahili, maneno yake mengi huishia kwa irabu. Vina vinapatikana bila jasho. Kiingereza huishia kwa konsonanti za kila namna, na kina kimoja huchoka upesi. Mishororo minane ya kwanza ya Petrarca inazunguka kwenye vina viwili tu. Henry Howard, Mwana wa Mfalme wa mashairi kwa maoni yangu ingawa cheo chake kilikuwa Earl wa Surrey, alivunja umbo hilo: beti tatu za mishororo minne, kila moja na vina vyake, halafu mishororo miwili ya kufungia. Hilo ndilo umbo alilolirithi Shakespeare.

Surrey alifanya na jingine kubwa zaidi. Alipofasiri sehemu mbili za utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, Kilatini cha Virgil kilikuwa hakina vina, basi na yeye akaviacha: mizani kumi, pigo jepesi na pigo zito, bila kina mwishoni. Alikatwa kichwa mwaka 1547 akiwa bado kijana. Umbo alilolibuni kwa ajili ya tafsiri ndilo Marlowe, mwandishi wa tamthilia, alilolipandisha jukwaani miaka arobaini baadaye, ndilo la Hamlet ya Shakespeare, ndilo la mshairi Milton.

Sasa nije kwa Shakespeare. Mwaka 1579 Thomas North alitoa kwa Kiingereza kitabu cha maisha ya watu mashuhuri cha Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale. Kigiriki hakukigusa, alifasiri tafsiri ya Kifaransa ya Jacques Amyot, ya mwaka 1559. Shakespeare alikisoma kitabu hicho kwa karibu mno. Humo Cleopatra anakuja kwa mashua yenye shetri ya dhahabu, matanga ya zambarau, na makasia ya fedha yanayofuata mlio wa filimbi. Shakespeare alichukua vyote hivyo, karibu neno kwa neno, kisha akaongeza ya kwake, kama hili: matanga yananukia kiasi kwamba pepo zenyewe zinaugua mapenzi. Hapo ndipo ninapomwona mwandishi mkubwa. Lakini mashua alipewa na North.

Kitabu hicho hicho kilizaa mchezo wa Julius Caesar, ambao msafiri wa Kiswisi, Thomas Platter, aliutazama London mwezi wa Septemba 1599. Na sisi tunajua ulikofika: mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili, halafu akairudia na kuitoa upya mwaka 1969. Hesabuni wenyewe: Kigiriki, Kifaransa, Kiingereza cha North, Kiingereza cha jukwaani, Kiswahili.

Mwaka mmoja nililijaribu zoezi la Ascham kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Niliwapa hotuba ya Antoni kutoka Juliasi Kaizari, wakaipeleka kwenye Kiingereza chao, nikakusanya vitabu, na wiki iliyofuata nikawagawia Shakespeare mwenyewe walinganishe. Darasa lilinyamaza kwa muda. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama: “Mwalimu, naruhusiwa kuirudisha tena kwenye Kiswahili, kwa maneno yangu?”

Nilimpa karatasi, na kengele ilipolia alikuwa bado anaandika.