Vibati vya kurefusha maisha ya betri: nilivyovijaribu nyumbani

Usiku wa kuamkia Jumapili moja mama aliniamsha akisema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Nikatoa mashine yake ya presha, nikamfunga mkono, nikabonyeza. Mkanda ukaanza kujaa upepo, alama ya betri ikionyesha zimejaa kabisa, mara kioo kikazima. Nikabonyeza tena, kimya. Saa nane za usiku, hakuna duka lililo wazi mtaani kwetu. Nikaenda kuzichomoa betri za redio jikoni na za rimoti sebuleni ndipo zikatimia nne. Presha ilikuwa juu sana. Tulimpigia daktari wake, akatuelekeza la kufanya, na kulipokucha tukampeleka.

Alipotulia aliniuliza, "Mwanangu, si ulisema hivyo vidude vinafanya betri zisiishe?"

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Wiki tatu kabla ya usiku ule nilinunua mtandaoni vibati vinane vya kurefusha maisha ya betri, nikavivika betri za kila kifaa cha nyumbani, mashine ya presha ikiwamo. Swali la mama ndilo lililonifanya nikae na mita ya kupimia volti mezani kwa karibu miezi miwili.

Kibati chenyewe ni bati jembamba linalopita ubavuni mwa betri, na kwenye upande wa chanya kina saketi ndogo ya kupandisha volti. Vinauzwa kwa majina mengi. Kilichovuma kuliko vyote kilitangazwa Marekani mwaka 2015, Batteriser, kikidai kuongeza maisha ya betri hadi mara nane. Mafundi wa elektroniki walikipinga hadharani, na Dave Jones wa Australia alikuwa mstari wa mbele, kwa hesabu na kwa vipimo. Mimi sikuyajua hayo wakati nalipa.

Dai lao linasikika vizuri. Betri mpya ya alkalini, ile ya kawaida isiyochajiwa, ina volti 1.5 na ushei. Wanasema ikishuka hadi 1.35 hivi, vifaa vingi huiona imekufa, ilhali asilimia 80 ya nguvu bado imo ndani. Kibati kinaichukua hiyo iliyoshuka na kuitoa tena kama 1.5.

Sasa chukua betri ya kuchaji, ile ya nikeli, usome ubavuni: volti 1.2. Hiyo ndiyo volti yake ya kawaida, na redio, tochi na mashine ya presha zinafanya kazi nayo bila shida. Kama kweli vifaa vingi vingekata kwenye 1.35, hakuna ambaye angeweza kuzitumia. Vifaa vingi vizuri huendelea hadi karibu 0.9 au chini yake, na betri ya alkalini ikifika hapo imebakiwa na kidogo sana.

Nilianza na redio ndogo ya betri mbili. Pakiti moja ya betri mpya, redio ileile, stesheni ileile, kitufe cha sauti nikakibandika selotepu kisisogee. Bila vibati ilicheza saa 58, zile za mwisho zikiwa na mkwaruzo kidogo. Na vibati ilicheza saa 47. Sikuamini, nikanunua pakiti nyingine nikarudia, na vibati vikashindwa tena kwa kiasi kilekile.

Sababu yake ukiiona haikutoki. Kibati hakina umeme wa kwake. Ili kitoe volti nyingi kuliko kinazopokea, lazima kiivute betri kwa nguvu zaidi, na sehemu ya kinachovuta inapotea njiani kama joto. Ni pampu kwenye tangi: maji yatatoka kwa kasi ileile hadi tone la mwisho, lakini tangi halijaongezeka hata ndoo moja, na pampu nayo inataka chake.

Kwenye saa ya ukutani ni vibaya zaidi. Saa hunywa umeme kidogo mno, ndiyo maana betri moja hupita mwaka. Saketi ya kibati haizimi, inakunywa usiku na mchana, na pengine inakunywa kuliko saa yenyewe. Rimoti hivyo hivyo, maana muda mwingi imelala tu kwenye kochi.

Tochi ndiyo iliyonionyesha kilichompata mama. Bila vibati mwanga ulififia polepole, na hata siku ya mwisho ungeweza kuufuata hadi chooni nje. Na vibati uling'aa vizuri, kisha ukakatika ghafla, giza totoro. Kifaa chenye alama ya betri husoma volti, na kibati kinakionyesha 1.5 mpaka dakika ya mwisho. Mashine ya mama haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikuwa inadanganywa, nasi pia. Kwa hiyo nakuomba sana: mashine ya presha, kipima sukari, kengele ya moshi, chochote ambacho uhai wa mtu unakitegemea, usikivike kitu hiki.

Tena kwenye tochi ya mwili wa chuma, nilihisi joto kiganjani. Lile bati la ubavuni lilikuwa linagusa ukuta wa tochi, betri inapiga shoti. Niliitoa haraka, na sikuirudia.

Kwa haki, kuna kifaa kimoja ambapo kibati kilisaidia: kamera yetu ya zamani, ambayo hukataa betri mapema kweli. Ilipiga picha zaidi. Lakini betri zilezile zilizokataliwa na kamera nikiziweka kwenye redio zinacheza siku kadhaa, na zikichoka huko zinaingia kwenye saa ya ukutani. Huo ndio mzunguko tulioutumia mwanzoni, na haukuwa na gharama.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaanika mawe ya redio juu ya bati ili babu asikie taarifa ya habari ya jioni. Wengi leo wanacheka, lakini kulikuwa na ukweli ndani yake. Betri iliyopumzika hujirekebisha kidogo, na joto huchangamsha kemikali zake, ukapata nusu saa ya ziada. Jua la wastani tu. Usiiweke karibu na jiko, inaweza kupasuka.

Kingine nilichogundua: kibati huikamua betri kupita kiasi, na betri iliyokamuliwa hivyo huvuja. Ndani ya rimoti nilikuta unga mweupe kwenye springi. Kwa betri ya alkalini, pamba yenye matone ya ndimu au siki huusafisha. Vaa glavu, kisha futa na ukaushe kabisa.

Fedha ya vibati vinane ilitosha kununua betri nne za kuchaji, na ndizo nilizonunua baadaye, za aina inayotunza chaji ikiwa imekaa. Zipo kwenye redio na tochi, zinazotumika kila siku. Saa na rimoti nimeziachia alkalini za kawaida. Sichanganyi tena betri mpya na kuukuu, kwa sababu ile dhaifu ndiyo inayoharibika na kuvuja kwanza. Kifaa kisichotumika mwezi mzima nakitoa betri.

Mashine ya presha ina betri nne mpya za alkalini, na nne nyingine zimefungwa kwenye leso ndani ya droo ya kitanda cha mama. Kila tarehe mosi anazihesabu mwenyewe.