Vocha ya laini nyingine

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Umewahi kulipia kitabu cha kusoma kwenye simu? Ulilipaje?" Nimewahi, na mara ya kwanza nilikwama, mimi ambaye kutwa kazi yangu ni kutoa na kuweka hela za watu. Ni wakala wa pesa za simu hapa Tanga. Nafungua kibanda saa mbili asubuhi, na mteja akiondoka, kabla hajafika mwingine, nasoma.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu anayeishi Marekani alinisikia nikilalamika: riwaya ninayoitaka ipo kwenye duka moja la mtandaoni, nami kadi ya benki sina. Akanunua kadi ya zawadi ya duka hilo, ya dola 25, yaani vocha ya kununulia humo, akaikwangua, akanitumia picha ya namba zake. Nikaziingiza, ikakataa. Nikarudia nikidhani nimechanganya sifuri na herufi O. Kumbe kadi ya Marekani huingia kwenye akaunti ya Marekani tu, na yangu ni ya Tanzania. Nilijionea aibu. Nani anakwangua vocha ya Airtel akaiweka kwenye laini ya Voda? Ila vocha inajitambulisha mtandao wake waziwazi. Masharti ya kadi ile yalikuwa upande ambao sikupigiwa picha.

"Mama mdogo, badilisha nchi kwenye akaunti, andika anwani yangu," akaniambia. Nikamwambia riwaya si sababu ya kujifanya mkazi wa Texas.

Hapo niseme jambo moja kama wakala: namba za kadi ya zawadi ni hela taslimu. Anayezipata amemaliza, na kuirudisha hela hiyo ni kazi kubwa kuliko muamala uliokosewa. Mtu usiyemjua akikutaka umlipe kwa kadi hizo, huyo ni pacha wa yule tapeli wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Kilichonifaa ni njia ya nyumbani. Waandishi wetu wengi wanauza softi kopi WhatsApp: unalipa kwa Lipa Namba, unatuma meseji ya muamala, kitabu kinaingia. Cha kwanza nilikilipia shilingi 5,000, na chai yangu ilikuwa haijapoa nilipoanza sura ya kwanza. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeniuliza kama kimefunguka. Apple na Google kwa miaka mingi wamekata asilimia 15 hadi 30 ya mauzo mengi yanayopita kwenye programu za simu. Huku kwetu kuna makato ya simu tu.

Ubaya wake naujua, maana nimeushiriki. Faili halina mlango. Mmoja akinunua, kesho liko kwenye grupu la watu mia, na kila mmoja anaandika "asante sana kwa kutujali". Nilisoma kimoja hivyo hadi mwisho, kikanikaa rohoni, nikamtafuta mwandishi nikamlipa. Hakuuliza kwa nini nalipa bila kuomba kitabu. Nadhani alijua.

Lakini wanaosema bora maduka makubwa kwa kuwa yana ulinzi, wakumbuke kwamba ulinzi huo ni wa duka, si wa msomaji. Unacholipia ni ruhusa ya kusoma. Mwaka 2019 Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu, waliokuwa wamenunua walirudishiwa hela, na vitabu vikaacha kufunguka. Kitabu cha karatasi nilichomwazima jirani na hakirudishi, angalau najua kiko kabatini kwake.

Kadi ile mtoto wa dada ameitumia mwenyewe hukohuko, akanitumia thamani yake kwa simu. Nimenunua vitabu vitatu vya softi kopi, iliyobaki nimeiingiza kwenye floti, hela ya kuendeshea kibanda.