Jibu: Bluegrass ni country ya mwendo kasi tu?

Mkuu, si mwendo tu, ingawa mitindo hii miwili ya muziki wa Marekani ni ndugu wa damu. Jim Reeves, mwimbaji wa country uliyemtaja kwenye swali lako, ni sauti nzito, vayolini zikimfuata taratibu kwa nyuma. Bluegrass ya asili haina ngoma kabisa: mandolini (mfano wa gitaa dogo), banjo, fidla (yaani vayolini), gitaa na besi kubwa ya kusimama. Jina limetokana na bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys.

Moto wenyewe uliwaka mwishoni mwa 1945, Earl Scruggs alipoingia na banjo lake. Sikiliza mkono wa kulia: gumba, shahada na kidole cha kati vinapokezana noti mojamoja, hakuna kupumua. Anza na "Foggy Mountain Breakdown" ya 1949, aliyorekodi na Lester Flatt baada ya wote wawili kumwacha Monroe. Haina neno hata moja, na hulihitaji. (Banjo nalo asili yake ni kwa Waafrika waliopelekwa utumwani, usilionee ugeni.)

Halafu tafuta "Chemirocha", Wakipsigis wa Kenya wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, iliyorekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1950. Hiyo sikuhadithii, kaisikie mwenyewe.