Miguu, presha na akili: kuilinda mishipa ya ubongo

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za vijishipa vinavyoupelekea damu hukakamaa na njia husinyaa. Vipande vidogo vya ubongo hufa kimyakimya, bila mdomo kupinda wala mkono kupooza. Ndipo dimenshia ya mishipa, yaani akili kudhoofika kwa sababu ubongo haupati damu ya kutosha, inapoanzia, na mara nyingi dalili ya kwanza si kusahau majina. Mtu aliyezoea kupanga matumizi ya mwezi bila shida huanza kukwama katikati ya hesabu, hajui hatua inayofuata.

Kwa hiyo anza na presha. Keti dakika 5 bila kuongea, egemeza mgongo, nyayo zikanyage sakafu, mkono uwe usawa wa moyo, kisha pima. Ikisoma 180/110 au zaidi, usifanye mazoezi, muone daktari. Kosa tunaloliona likiumiza watu ni kuacha dawa kwa sababu wameanza kutembea. Mazoezi husaidia dawa. Kupunguza au kuacha dawa ni uamuzi wa daktari.

Zoezi lenyewe ni kutembea kwa kasi, dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kasi inatosha ukiweza kuongea lakini ukashindwa kuimba. Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze na dakika 10, aongeze 5 kila wiki. Dakika 5 za mwisho zipunguze mwendo taratibu: ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, presha hushuka, kizunguzungu kinakuangusha, hasa kama unameza dawa za presha.

Mara 2 kwa wiki ongeza nguvu: inuka kitini bila kushika kitu, mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Toa pumzi unapoinuka. Wengi hubana pumzi hapo, na presha hupaa papo hapo.

Upande wa akili, kinachofaa ni kigumu na kipya. Ukijaza fumbo la aina ileile kila asubuhi, utakuwa hodari wa fumbo hilo, basi. Jifunze lugha, ala ya muziki au sataranji, kwa kiwango kinachokufanya ukosee mara 1 au 2 katika kila 10. Usipokosea kabisa, panda ngazi.

Vyote viwili vinaunganika hivi: ukitembea mahali tambarare pasipo na magari, toa 7 kutoka 100, kisha endelea: 93, 86, 79. Utaona mguu unapunguza mwendo kila hesabu inapokaza. Jitahidi kuirudisha kasi bila kupoteza namba. Anayeyumba aifanye hesabu hiyo ameketi kwanza.

Utafiti wa FINGER wa Finland, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 kwa miaka 2. Waliochanganya lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa presha walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi hadi daktari aseme vinginevyo. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimetoweka baada ya dakika chache.